Jani Pana Tumboni mwa Mashine

Katika mtaa wetu wote hapa Kasulu hakuna mwanamke aliyeumbwa bila wivu kama mimi, Mwatumu. Miaka kumi na moja nina mke mwenza, na hakuna jirani aliyewahi kunisikia nikimpandishia mume sauti.

Nayasema haya huku nikijikumbuka Jumanne ile, nimepiga magoti uani na goti langu bovu, nimeipindua mashine ya kukata majani miguu juu, nainusa tumbo kama mtu anayenusa kola ya shati la mumewe.

Mliokuwa nami Jumamosi iliyopita mnajua tulipofika. Aliyekosa gazeti kwa kuwa muuza maandazi alilifungia bidhaa, nampa kwa ufupi.

Mume wangu Haidari, baba wa binti yangu Siti, ana miaka sabini na mbili na wake wawili. Mimi ndiye bi mkubwa, niko Kasulu. Bi mdogo, Asmahani, nesi mstaafu aliyeletwa na serikali kutoka Pangani, yuko Kibondo. Siku nne kwangu, siku nne kwake, hivyo ndivyo mzee alivyokwenda tangu alipomwoa.

Kisha akatangaza kwamba njia imemchosha. Mwezi wa mfungo ukiandama atatua mzigo nyumba moja. Humo atafunga, humo atauguzwa, na humo ndimo jeneza lake litakamotokea. Nyumba ipi, hakusema. Alisema tu kwamba anataka kiwanja cha majani mafupi mbele ya mlango, aweke kiti chake apunge upepo.

Basi mimi, mke wa miaka arobaini na nne, niling'oa maragwe yangu yakiwa yameshatoa maua, nikapanda ukoka. Jirani yangu Theodosia alidhani malaria imenipanda kichwani.

Haya. Sasa twende.

Ukoka haukunionea huruma. Mvua zilipochanganya uliota kama uliotumwa. Nikaufyeka kwa fyekeo siku moja, nikalala kitandani siku tatu, na nilipoamka ulikuwa umerudi pale pale, kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Haidari alipokuja kwa zamu yangu alisimama mlangoni, mikono nyuma, akautazama.

"Hapa panataka mashine," akasema. "Nitanunua moja. Na penye mashine ndipo kitakapokaa kiti changu."

Nyie msio na wake wenza hamjui uzito wa hilo neno moja. Katika ndoa yetu hakuna kitu kimoja. Ndoo ni mbili, majiko mawili, magodoro mawili ya upana ule ule. Hata doti ya kanga ya Idi anaikata katikati kwa mkasi wa duka, kipande kimoja Kasulu na kimoja Kibondo, ili kusiwe na mwenye kulalamika. Mtu wa namna hiyo akikuambia mashine itakuwa moja, amekuambia nyumba itakuwa moja.

Akaniuliza nataka ya aina gani. Ziko za petroli, akasema, ziko za umeme wa waya, na siku hizi ziko za betri. Nifikiri, nimjibu zamu ijayo. Nikajua swali hilo hilo litapanda naye basi kwenda Kibondo.

Kesho yake nilikwenda stendi kwa Marcel. Marcel ni fundi wa pikipiki, mtu wa ng'ambo ya ziwa, na zamani alikuwa akikata majani kwenye ofisi za mashirika kule kambini Nyarugusu. Mashine zote tatu amezishika. Alinipa kigoda, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mama mukubwa," akasema, "ile ya esansi, ya petroli, iko na nguvu. Majani marefu inakata, majani yenye maji inakata, kwenye mulima inapanda. Lakini iko na kazi. Oili utaiangaliaka kila mara, na ile kamba ya kuwasha inataka bega."

Nikamuuliza bega la namna gani. Akanisogezea jenereta bovu lenye kamba ya aina hiyo, akaniambia nivute. Nilivuta mara moja. Kamba haikutoka, ila kuna kitu mgongoni kilichotoka.

Ya umeme wa waya, akaendelea, ni nyepesi na haitaki mafuta. Unachomeka, unasukuma. Ila mwisho wa waya ndio mwisho wako, umande ukiwepo usiiguse, na siku utakapogeuka vibaya kisu kitapita juu ya waya wenyewe. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kiwanja kinabaki nusu kimenyolewa na nusu na nywele, mpaka wenye umeme wao watakapotukumbuka.

"Na ya betri?"

"Ya batri ni ya mutu mupole. Haina moshi, haina makelele. Unachaji, unakata nusu saa, labda na dakika kumi, inalala. Batri ikizeeka, kupata ingine ni mpaka Mwanza. Lakini unaibeba kama mutoto, unaenda nayo popote."

Nikamuuliza katika zote tatu ipi inapiga kelele zaidi.

Marcel aliweka kitambaa chini. Akasema watu wote humuuliza ipi ina kelele kidogo.

Hapa niseme ukweli. Bega langu lilitaka ya betri. Kiwanja changu, ambacho kimeinamia bondeni kama mtu anayetafuta sindano, kilitaka ya petroli. Lakini aliyechagua hakuwa bega wala kiwanja. Aliyechagua ni wivu. Nilitaka mashine ya kunguruma. Nilitaka Theodosia atoke nje na mwiko mkononi aulize kuna nini. Nilitaka wauza nyanya wa barabarani waambiane, huyo ni mume wa Mwatumu anakata majani kwake, amekwishachagua. Kama ingewezekana nilitaka na Kibondo wasikie.

Haidari aliporudi nikamwambia petroli.

"Petroli inanuka," akasema.

Jamani, huyu ni mtu aliyeuza mafuta ya taa miaka thelathini. Nimefua kanzu zake miaka yote hiyo. Wanangu wamekua wakidhani wali una harufu ile kwa asili. Hakuna siku hata moja pua ya Haidari ililalamika.

Nikasema basi iwe ya waya, umeme ninao.

"Waya unamfunga mtu nyumba moja."

"Si ndicho unachokitafuta, Baba Siti? Kufungwa nyumba moja?"

Akacheka, akaomba maji ya kunywa. Mume wangu akibanwa huwa anaona kiu.

Zamu iliyofuata alishuka na gunia begani. Ndani ya gunia, mashine. Ya betri. Ya kijani, mpya, mkono wake unakunjwa mara mbili kama kiti cha msibani, na ukiiwasha inalia nzii, nzii, nyuki ameingia kwenye chupa.

Nikaisukuma mara tatu kupita mbele ya ua wa Theodosia, makusudi. Theodosia husikia hata sufuria yangu ikifunikwa. Siku hiyo hakutoka. Ilibidi nimwite mwenyewe.

Akaja, akanisalimu mwakeye, akaizunguka mashine. "Mbona haisikiki, Mama Siti?" akauliza. "Au unaisukuma imezimwa?"

Haidhuru. Mashine ilikuwa kwangu. Si petroli niliyoomba, lakini ilikuwa kwangu, na Haidari alinitamkia kwa kinywa chake: "Ni yako. Mwenzio ataendelea na fyekeo lake." Siku ile nilipika pilau bila sikukuu.

Na hapa kuna jambo la kuungama. Nilimpigia simu Asmahani.

Sikumwambia moja kwa moja, mimi si mshenzi. Niliuliza presha yake, nikauliza mbuzi wake, nikauliza bei ya ndizi huko. Kisha, kama mtu aliyekumbuka tu, nikasema: "Na majani, bi mdogo, bado mnafyeka kwa mkono?"

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Hongera, dada," akasema. "Wewe ndiye mwenye bahati."

Maneno hayo niliyanyonya kama pipi kwa siku mbili nzima.

Siku ya tatu mzee akaanza tabia mpya. Zamu yake ya Kibondo ilipokaribia alichomeka betri kwenye soketi yangu ya sebuleni, akaikalia mbele kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Taa zake nne ndogo za kijani zilipowaka zote, mashine ikaingia gunia. Nikamuuliza inakwenda wapi. Akasema anaipitisha stendi kwa Marcel inolewe kisu, atakaporudi kutoka Kibondo ataichukua.

Nikasema vizuri. Mume anayekumbuka kunoa kisu cha mkewe ni mume.

Zamu iliyofuata, tena. Betri, taa nne, gunia.

Mara ya tatu nikajiuliza ni kisu gani hiki kinachonolewa kuliko cha bucha. Na kwa nini kisu kinataka betri iliyojaa ili kinolewe.

Basi Jumanne ile akarudi, akaweka gunia uani, akachukua udhu, akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Mlango wa ua ulipofungwa nyuma yake, mimi nilikuwa nimeshapiga magoti.

Chini ya mashine, kisu kilipojificha, kulikuwa na majani mabichi yamegandamana. Nikayachokoa kwa kijiti cha meno.

Ukoka wangu una jani jembamba kama uzi. Haya yalikuwa na jani pana, laini, la kijani kilichokolea. Hayakuwa majani yaliyojiotea. Yalikuwa majani yaliyopandwa, yakamwagiwa maji, yakapewa na samadi.

Wako wanawake waliokuta unywele kwenye koti la mume. Wako waliokuta hereni chini ya mto. Mimi Mwatumu nilikuta majani ya mwanamke mwingine tumboni mwa mashine yangu. Na umeme ulioyakata ulitoka kwenye mita yangu ya Luku.

Sikupiga kelele. Nilichukua konzi moja ya majani hayo, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikairudisha mashine ndani ya gunia kama ilivyokuwa. Mzee aliporudi nikampakulia ugali na migebuka, nikamuuliza Marcel hajambo.

"Hajambo, anakusalimu," akasema, anachambua miba. "Kasema kisu chako ni chuma kizuri sana."

Nikamwongezea mchuzi.

Asubuhi nilikuwa stendi. Marcel akaweka spana chini. Akaapa kwamba mashine hiyo hajaiona hata siku moja, anasikia habari zake tu kwa watu. Nikafungua pindo. Akachukua jani moja, akalipitisha katikati ya vidole vyeusi vya oili.

"Hii haiko ya hapa kwenu," akasema. "Hii ni ya watu wanaopenda bustani sana. Wanaiagizaka. Tena imekatwa juzi tu."

Wanaopenda bustani sana. Nani ninayemjua, mwenye kucha safi, aliyekulia pwani kwenye maua ya uani, ambaye hata sufuria zilizotoboka anazipandia asumini?

Nilirudi nyumbani nikiisikia ile "Hongera, dada" upya, na sasa haikuwa pipi. Kumbe alikuwa ananicheka. Amekaa huko juu ya majani yake mapana, kiti cha mzee kando yake, anampongeza mwanamke anayemchajia betri. Zamu yake mashine inakata. Zamu yangu inapumzika na kujazwa nguvu. Sikuwa mke tena. Nilikuwa soketi.

Siku tatu zilizobaki za zamu yangu nilikaa na mume nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilimtengea maji ya kuoga. Nilimkuna mgongo. Na kila nilipomkuna nilijiuliza Asmahani anamkuna upande upi.

Jumamosi betri ikajaa, gunia likafungwa, mzee akaondoka. Nikampa siku moja atulie. Jumapili asubuhi nikamwachia Theodosia kuku wangu, nikamwambia nakwenda hospitali ya Kabanga nikaonyeshe goti. Nikapanda gari la Kibondo.

Kwenye pindo nilikuwa na majani. Mdomoni nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga tangu Jumatano, yenye salamu, yenye lawama, na mwishoni kuna mahali nilipanga kulia kidogo.

Kwa Asmahani sikupiga hodi. Nilitaka kuwakuta kama walivyo, mmoja kwenye kiti na mwingine miguuni pake.

Nilimkuta mbuzi.

Alikuwa amefungwa kwenye mpera katikati ya kiwanja, anakula majani yaliyofika kwenye ugoko. Hakukuwa na kiti. Hakukuwa na gunia. Asmahani alikuwa barazani peke yake, miwani puani, ungo wa mchele mapajani. Aliponiona, mkono wake ulisimama ndani ya mchele.

"Dada," akasema. "Umemwacha na nani?"

"Nimemwacha nani?"

"Mzee. Si aliniambia goti limekulaza, huwezi hata kufika chooni, ndiyo maana haji? Zamu ya nne hii sijamwona."

Nikatafuta mahali pa kukaa. Hotuba yangu yote, pamoja na pale pa kulia, ilipotea kama haijawahi kutungwa.

"Haidari yuko kwako," nikamwambia. "Ameondoka kwangu jana asubuhi. Na gunia."

"Gunia gani?"

Tukatazamana. Miaka kumi na moja mimi na yeye tulikuwa tukitazamana kwa pembeni, kama watu wawili wanaogombea foleni moja. Siku hiyo ndiyo niliyoona kwamba macho yake ni ya kahawia, na kwamba yamevimba.

Akaniletea maji, akaketi. Akasema atanieleza ukweli, nikikasirika nikasirike. Ile simu yangu ya majani ilimliza. Na mzee alipoanza kukosa zamu kwa ajili ya goti langu, alishika simu mara mbili anipe pole, mara zote mbili akaiweka chini.

"Nimekuchukia, dada," akasema kwa upole kabisa, kama anayesoma cheti cha mgonjwa. "Mimi ni nesi, lakini nimeomba hilo goti lioze kweli."

"Limeitikia," nikasema. "Linauma tangu stendi."

Akacheka. Nikacheka na mimi. Kisha akainuka, kwa sababu hakukuwa na cha kuchekea.

Ukutani alikuwa na kalenda. Siku za mzee alizizungushia kalamu nyekundu, na zile ambazo hakuja alizikata kwa msalaba. Mimi zangu ninazo kichwani. Tukazipanga pamoja, kidole changu na kalamu yake. Kwangu hakukosa hata siku. Kwake, zamu tatu nzima, siku kumi na mbili, misalaba mitupu, na ya leo inafanya kumi na nne. Siku kumi na nne za mume wetu hazikuwa Kasulu wala hazikuwa Kibondo.

"Labda ni biashara," Asmahani akasema, kwa sauti ile ya manesi wanapompa mtu vidonge vya kichwa akiwa amevunjika mguu.

"Biashara inayokwenda na mashine ya kukata majani?"

Nikafungua pindo. Yalikuwa yamenyauka kidogo lakini upana wake ulikuwa palepale. Akayatazama, akayageuza, akashuka barazani bila viatu. Tukachuchumaa kwenye kiwanja chake, mimi nimeshika jani langu, yeye anang'oa ya kwake moja moja na kuyalaza juu ya kiganja changu. Ya kwake yalikuwa membamba, yenye vinyweleo. Mbuzi akaja kuangalia tunachogombea naye.

"Si yangu haya," akasema.

"Wala si yangu."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. Ilikuwa kile kipande cha Idi, pacha wa nilichokuwa nimejifunga mimi.

"Dada, wewe uliomba mashine ya betri?"

"Niliomba ya petroli."

"Mimi niliomba ya waya. Nilimwambia waya ukitoka kwenye ukuta wangu, nitajua mume wangu yuko upande wa pili. Akakataa. Akasema unamfunga mtu."

"Kwangu petroli ilinuka."

"Basi nani alichagua betri?"

Jibu lilikuwa linajijibu lenyewe, polepole, nikilitaka nisilitake. Mashine ya betri inafaa nyumba isiyo na umeme, mradi iwepo nyingine ya kuichaji. Inafaa mahali ambapo majirani hawatakiwi kutoka nje na miiko kuuliza. Inafaa mtu mwenye kuibeba kwenye gunia, haimwagi mafuta kwenye buti la basi, haimnukishi mbebaji. Nilikuwa nimeambiwa yote hayo stendi, nimekaa kwenye kigoda, na nilichouliza mimi ni kelele.

Nikamweleza Asmahani. Alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayesomewa ugonjwa alioujua siku nyingi.

"Mwezi unaandama baada ya siku tisa," akasema.

"Najua."

"Alisema penye mashine ndipo kitakapokaa kiti chake."

"Na wewe alikuambia hivyo?"

"Maneno hayo hayo."

Nitawaambia kitu ambacho hata Siti sijamwambia. Pale nilipochuchumaa nilimwonea wivu Asmahani wa jana. Yule mbaya wangu, mwenye majani mapana, niliyemjua jina na mji na presha yake. Huyo ningepigana naye. Huyu mpya sikujua hata anaitwaje.

Simu ikalia barazani.

Asmahani akaitazama, akanionyesha. Mzee. Akaweka kidole mdomoni, akabonyeza sauti ya nje, akailaza simu kwenye mkeka katikati yetu.

"Asma wangu," sauti ya Haidari ikasema.

Hata katika hali ile kilinichoma. Miaka arobaini na nne mimi ni Mama Siti. Sijawahi kuwa wa mtu yeyote kwa namna hiyo.

Alimsalimu vizuri, akamuuliza presha. Kisha akashusha sauti, sauti ya mtu mwenye mzigo wa familia, akasema hata leo hatafika. Goti la bi mkubwa limevimba kama papai. Yuko naye hapo hapo Kasulu, anamkanda kwa maji ya moto.

Nikalitazama goti langu.

Ndipo nikaisikia. Nyuma ya sauti yake, mbali kidogo. Nzii. Inakwenda, inafifia, inageuka, inarudi. Nikamshika Asmahani kifundo cha mkono. Haidari alikuwa anaongea na simu. Mashine ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Asmahani alinielewa bila neno.

"Masikini dada," akasema, laini, unesi wake wote umerudi. "Hebu mpe simu nimpe pole."

Haidari akakohoa.

"Amelala," akasema. "Ndiyo kwanza amepata usingizi. Nisimwamshe."

Asmahani akaiokota simu, akanisogezea mdomoni.

Mume wangu masikio yake yamechoka. Simu yake siku zote iko kwenye sauti ya nje, na popote alipo, wote waliopo husikia anachoambiwa.

"Usiniamshe, Baba Siti," nikasema. "Ila huyo anayesukuma mashine yangu, mwambie Mama Siti anamsalimu."



Mashine ikanyamaza.